Kompyuta Ilishapona, Binti Yangu Hajui

Admin, nifiche vizuri. Sema tu ni mzee wa upande wa Kimulot, tuko wengi.

Nina miaka sabini na mbili. Nilisoma hadi darasa la sita, la saba nililiona kwa dirisha. Mke wangu alituacha miaka minne iliyopita. Niko na chai kidogo na ng'ombe wawili. Watoto wangu wote walienda kutafuta maisha, na wa mwisho, msichana, anafanya kazi Nairobi.

Mwaka jana alinitumia katoni ya vipande vya kompyuta alivyonunua kimoja kimoja. "Baba, usiguse. Nitakuja Desemba tuunganishe pamoja." Desemba ikafika, kazi ikamshika. Pasaka hivyo hivyo. Katoni ikakaa kwa kiti cha mama yake kama mgeni asiyeongea. Siku moja mvua ilinizuia kwenda kuchuma chai, nikajiambia, mimi nimewahi kuvuta ndama aliyekuja kinyume, sanduku ni nini? Nikaangalia video, nikaunganisha siku tatu. Skrubu nne zilibaki, nikazitia kwa mfuko wa koti na sikuuliza mtu.

Ikawaka. Baada ya dakika kumi ikazima. Kila nikiiwasha, dakika kumi, imekufa. Nikampigia.

Sasa mjue, kabla ya hapo alikuwa akipiga mara moja kwa mwezi. "Baba uko sawa? Ng'ombe wako sawa? Haya, Mungu akubariki." Dakika mbili, mimi na ng'ombe tunagawana. Lakini kompyuta ilipougua, alianza kupiga kila jioni nikimaliza kukamua, simu ya kuonana.

"Baba, toa RAM zote mbili, urudishe moja. Bonyeza mpaka isikike tik."

"Imesikika."

"Hicho ni kiti chako, Baba. Bonyeza tena."

Aliniuliza kama nilipaka ile dawa ya kupoza, inayokaa kati ya prosesa na feni. Nikasema nilipaka ya kutosha. Akasema nimsomee joto pale kwa skrini. Nikasoma kumi na tisa. "Basi si joto," akasema, "huko kwenu ni baridi kweli." Kumbe nilikuwa nimesoma saa.

Na kila tukijaribu kitu, lazima tungoje dakika kumi tuone kama itazima. Ndipo tulikuwa tunaongea. Aliniambia anapika chakula cha mtu mmoja na bado kinabaki. Nikamwambia hata mimi. Aliniambia mambo ambayo nadhani alikuwa akimwambia mama yake.

Wiki ya tatu nilifungua feni nitoe vumbi, nikakuta mafuta yameyeyuka yanateremka kwa bodi. Yalikuwa mafuta ya kukamulia, yale ya kupaka chuchu za ng'ombe. Ndiyo, mmesoma vizuri. Kile kibomba cha dawa halisi nilikikanyaga siku ya kwanza, na mkebe wa mafuta ulikuwa karibu. Yametunza chuchu miaka mingi, nikaona hayatashindwa na chuma. Nikaenda Sotik kununua dawa nyingine. Muuzaji akaniambia, "Mzee, hii si ya meno." Nikamuuliza, meno yenyewe ameyaona wapi.

Nikapangusa, nikapaka, na kompyuta ikawaka kutoka mchana hadi giza. Nikampigia binti yangu. Aibu ya mafuta ilinishika, nikasema ni vumbi tu. "Baba, wewe ni fundi. Sasa sote tupumzike."

Tukapumzika. Siku tisa simu haikulia. Naangalia skrini, skrini inaniangalia. Siku ya kumi nikampigia nikasema, "Imerudia."

Tangu hapo naizima mwenyewe. Simu iko mkononi inaangalia mashine, na kidole gumba cha mguu kiko kwa swichi chini ya meza. Dakika kumi zikiisha, nabonyeza. Hadithi yake ikiwa tamu naipa kumi na tano. "Leo imekaa, Baba." Namwambia, "Inajikaza."

Ningeendelea hivyo mpaka nizikwe, lakini wiki jana alisema amejua shida ni ile bodi kubwa. Aliuziwa na kijana wa kazini kwao. "Nimemwambia mbele ya ofisi yote kwamba alinipa kitu kibovu. Anaapa ilikuwa nzima. Hatusalimiani tena."

Jina la huyo kijana nilikuwa nalisikia karibu kila jioni katika zile dakika kumi, na akilitaja sauti yake ilikuwa inalainika. Mimi ni mzee, si kiziwi. Siku hizi halitaji.

Na sasa ameomba ruhusa kazini. Anakuja Ijumaa na bodi nyingine. Ameuliza kama kitanda chake bado kipo. Hajalala katika nyumba hii tangu tumzike mama yake.

Nikisema ukweli leo, kijana wa watu atasafishwa jina, na mimi nitarudi kwa zile dakika mbili za mwezi. Nikinyamaza, nitamwona mtoto wangu, lakini atafungua hilo sanduku na kuona nilimdanganya mpaka akamkosea mtu. Shetani amenishauri nirudishe mafuta kabla ya Ijumaa, apate ugonjwa wa kweli. Nilimkatalia, ingawa sikumfukuza mbali. Haya yote naandika kwa hiyo hiyo kompyuta, kidole kimoja, iko sawa tangu asubuhi.

Jana tuliongea karibu saa nzima. Nilisahau kubonyeza swichi, na yeye hakuuliza kama imezima. Sijui ameshajua, ama hata yeye alisahau.

Msinicheke sana, nanyi mna wazazi. Sasa naenda kukamua, na nikimaliza atapiga. Niambieni, nianze na neno gani?