Pipa la Jirani wa Juu

Jirani yetu wa juu hapa Dortmund, nesi mstaafu, hukorogea maji ya matumbawe anayoyafuga kwenye tangi la kioo ndani ya pipa lililoko stoo. Maji yaliyochujwa hutangulia, ndipo chumvi aliyoipima kwa mizani hufuata, kijiko kwa kijiko, na hayatoki pipani kabla ya kesho yake. Jumamosi Wieland, mwenyekiti wa chama cha wafuga samaki, alichovya kipimo chake cha chumvi pipani mbele yetu majirani.

"Mama, chumvi imezidi. Utayaua matumbawe."

"Hebu kijaribu hicho kipimo kwenye maji matupu, mwanangu."

Kikaonyesha chumvi hata humo. Tulijivuna kana kwamba pipa ni letu. Kisha mama huyo akapanda kwake kutupikia supu ya njegere, chumvi akiitupia kwa kiganja bila kuangalia. Safari hii ilizidi kweli. Wieland aliimaliza, akaomba bakuli la pili.