Kiti cha Pili

Shemeji zangu walikuja wawili karakanani kwangu Mabatini, wala salamu hawakutoa. Dada yao, mke wangu, alikuwa amelazwa hospitali, mkono umefungwa plasta, na aliyeuvunja ni mimi.

Sikatai. Miaka ile ya tisini biashara zilifunguliwa, kila aliyenunua televisheni akataka nondo madirishani, na mimi nilikuwa fundi wa kuchomelea. Mgeni mmoja aliyekuja kufunga mitambo ya kiwanda cha samaki alikuwa na chombo chake cha kurukia: fremu ya magurudumu matatu, injini na pangaboi nyuma, na parachuti pana inayotanda juu kikishika kasi. Kiti kimoja tu. Nilikuwa nikimtengenezea kila alipokigonga kwenye mawe, naye akanifundisha kukiongoza kwa miguu. Mkataba wake ulipokwisha aliniachia.

Mke wangu akasema, "Ukiruka, naruka. Mimi si wa kukushikia viatu."

Nikakubali. Yule mgeni alikuwa bonge la mtu. Mimi na mke wangu, wembamba sote, hatukumzidi sana. Parachuti ingetubeba. Shida ilikuwa mahali pa kiti. Nikachora kama ambavyo mtu yeyote wa huku angechora: abiria hukaa nyuma, kwenye keria, kama baiskeli. Nikarefusha fremu, nikasukuma injini nyuma zaidi, nikachomelea kiti. Uzito wote ukaangukia nyuma ya pale kamba za parachuti zinaposhika. Siku ya kujaribu, pua iliinuka kama mbuzi anayetaka majani ya juu, tukaanguka ubavu mchangani.

"Shemeji, kata hicho kiti," mkubwa wao aliniambia. "Ukitaka kufa, kufa peke yako."

"Au tafuta gunia la mchanga ulipandishe," mdogo akadakia. "Dada yetu hapana."

Nikachukua msumeno wa chuma, nikakikata mbele yao. Hilo ndilo ninalolijutia, kuliko hata ule mkono. Mkono niliuvunja kwa kutojua. Kiti nilikikata kwa woga, na mwenyewe sikumuuliza.

Mke wangu aliporudi kutoka hospitali akaona mabomba sakafuni.

"Nani kakwambia ukate?"

"Kaka zako."

"Walianguka wao? Huu mkono ni wao?" Akaokota bomba kwa mkono mzima, akalitupa juu ya meza yangu. "Chomelea. Na safari hii fikiri, baba."

Nikaitundika fremu kwenye boriti, mnyororo ukishika pale pale zinaposhika kamba. Nikakaa mbele, nikatazama pua inavyolala. Kisha yeye akapanda nyuma yangu. Nikasogeza kiti chake mbele kidogo kidogo mpaka ikawa akikaa, akishuka, pua haibadiliki: yuko moja kwa moja chini ya pale chombo kinaponing'inia. Magoti yake yalinibana mbavu.

"Mama leo kawekewa bembea!" wapita njia wakacheka mlangoni.

"Foleni ni huko nyuma," akawajibu.

Plasta ilipotolewa tukaenda ufukwe wa Ilemela, mbali na uwanja wa ndege. Ruhusa ya kuruka sikuwa nayo. Hilo nalo ni kosa langu, nalisema. Lakini kuhusu kile kiti simwombi radhi mtu yeyote zaidi yake.

Shemeji zangu walipata habari, wakaja mbio kutoka Kiseke. Mkubwa akasimama mbele ya gurudumu.

"Dada, shuka."

"Kaka, sogea. Kaburi langu utalichimba wewe, kiti changu hukichagui."

Kaka mtu akanitazama mimi. Safari hii sikushika msumeno. Nikawasha injini, akasogea.

Parachuti ikajaa upepo, mchanga ukatuachia, mawe ya ufukweni yakabaki chini yetu na ziwa likafunguka hadi visiwani. Pua ilitulia. Nyuma yangu mke wangu akanipiga begani, akapaza sauti sikioni:

"Zunguka! Yule mkubwa hakuinua macho!"

Nikasukuma mguu wa kushoto, tukarudi juu yao.