Mita Mia Mbili

Kwa misimu minne nilikuwa msimamizi wa maji katika sehemu yetu ya mashamba ya mpunga kule Mabogini. Kazi yenyewe ni kufungua na kufunga milango ya mfereji ili kila mkulima apate zamu yake. Zamu hupimwa kwa saa. Ukimwongezea mtu nusu saa, umemnyang'anya mwenzake wa chini, na majaruba yake ya mpunga yatakuonyesha kwa kukauka baada ya siku tatu.

Nilikuwa natumia simu kuangalia muda mpaka iliponiponyoka mfukoni nikiwa nimeinama kutoa majani kwenye mlango, ikaenda na maji. Ndipo nikaamua kutafuta saa ya mkononi isiyoogopa maji.

Rafiki yangu aliyesimamia ndoa yangu alisikia. Yeye anaongoza wageni mlimani na nyumba yake iko huko juu, katikati ya migomba na kahawa. Tumejuana tangu darasa la kwanza, na watoto wangu wanamwita baba mdogo. Jumapili moja baada ya ibada alinialika kwake. Tulipomaliza kula mtori aliingia chumbani, akatoka na saa nzito ya chuma.

"Mgeni wangu aliniachia," alisema, akitabasamu na jino lake lililomeguka. "Isome hapo nyuma."

Niligeuza. Ilikuwa imechongwa: mita 200.

"Maana yake nini?"

"Maana yake unaweza kuzama nayo mita mia mbili na isijue kama imelowa. Mfereji wako una mita ngapi?"

Nilicheka. Mfereji wetu, ukijaa sana, hunifika mapajani. Alitaja bei, nami sikuomba punguzo. Niliuza magunia mawili ya mpunga niliyokuwa nimeyaweka kungojea bei ipande, nikampelekea hela yake, na mke wangu akasema afadhali tumenunua kwa mtu tunayemjua kuliko kuokota kitu pale soko la mitumba la Kiboriloni.

Wiki tatu saa ilikwenda vizuri. Kila siku mkono wangu ulizama hadi kwenye kiwiko, nikautoa, nikafuta kioo kwa shati, nikaendelea.

Siku mambo yalipoharibika kulikuwa na mawingu mazito. Saa mbili asubuhi nilimfungulia maji shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ambaye zamu yake ilikuwa inaisha saa tano. Baada yake alifuata mama mmoja mjane mwenye majaruba mawili tu. Nilikuwa naangalia saa kila mara. Niliona kioo kimeingia ukungu kidogo upande mmoja, lakini mshale wa sekunde ulikuwa unatembea, nami sikuwa na sababu ya kuushuku. Ilisema saa tano kasoro dakika kumi nilipomwona yule mama anakuja juu ya tuta, polepole, jembe begani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mwanangu, maji yangu yamekwenda wapi?"

"Bado dakika kumi, mama."

Hakubishana. Alitoa kisimu chake kidogo kwenye fundo la kanga, akaninyooshea. Ilikuwa saa saba kasoro robo. Saa yangu ilikuwa ikisimama na kuanza tena kutembea asubuhi hiyo yote, kana kwamba hakuna kilichotokea.

Mama alitazama majaruba ya shemeji yangu yaliyofurika, akanitazama mimi. "Ndugu ni ndugu," alisema, akaondoka. Angenitukana ingekuwa nafuu.

Kwenye kikao cha wakulima nilieleza habari ya saa. Nilipoinua mkono kuwaonyesha, kuna waliocheka. Mmoja aliuliza kwa nini saa mbovu imemkuta shemeji yangu na si mtu mwingine. Nilimpa yule mama zamu yangu ya wiki ile, naye aliipokea bila kusema asante. Walinipumzisha kazi, ndivyo walivyosema, nikawarudishia funguo za milango.

Nilikwenda mjini kwa fundi wa saa, mzee anayekaa na kimeza chake barazani karibu na soko. Alifungua mfuniko wa nyuma na tone la maji likaanguka kwenye kitambaa.

"Lakini imeandikwa mita mia mbili," nilisema.

"Hiyo ni habari ya kiwandani," alijibu, akiendelea kuchungulia. "Saa ikiwa mpya wanaijaribu kwa nguvu ya maji kama ya kina hicho, imetulia, kwa muda mfupi. Ikiandikwa thelathini, basi ni ya mvua na kunawa mikono, usiogelee nayo. Mia moja, ogelea. Mia mbili hata wazamiaji wanaivaa. Ila kinachozuia maji si hayo maandishi, ni mpira mwembamba wa duara unaokaa hapa. Mpira ukikatika, saa yako ni ya mita sifuri."

Aliusogeza mfuniko kwenye mwanga, akanionyesha alama ndogo iliyokwaruzwa kwa ndani.

"Hii alama ni yangu. Saa hii nimeshaifungua."

Alieleza sura ya mtu aliyeileta, na jino lake lililomeguka, na koti lake la mlimani. Saa ilikuwa tayari imeingia maji wakati huo. Aliikausha, lakini mpira ulikuwa umekatika na wa kipimo hicho hakuupata.

"Nilimwambia isiguse maji kabisa. Akasema haina shida, ataivaa kanisani tu."

Nilipanda kwa rafiki yangu siku hiyohiyo. Alikuwa anakata majani ya ng'ombe. Nilimweleza yote, pamoja na alama ya fundi. Aliendelea kukata kidogo, kisha akaweka panga chini.

"Mimi nilikuambia usome nyuma," alisema. "Mita mia mbili sikuandika mimi."

Nadhani angesema alikuwa na shida, ningemsamehe palepale, na hela ningemwachia. Mkewe alitoka na vikombe viwili vya chai, akatuona tulivyosimama, akarudi navyo ndani. Nikashuka.

Msimu uliofuata wakulima walinirudishia funguo, baada ya shemeji yangu mwenyewe kusimama na kukiri kwamba aliona maji yamezidi akanyamaza. Yule mama alinipigia kura, nikaambiwa. Mtoto wangu mkubwa alipopata kipaimara, rafiki yangu alikuja, akakaa viti vya nyuma. Baada ya ibada tulipeana mikono mlangoni, nikamwuliza habari za nyumbani. Akasema nzuri, naye akaniuliza zangu. Watu walikuwa wengi nyuma yetu wakisubiri kutoka, tukapisha.