Msumari wa Tatu

Mimi niliishia darasa la nne, lakini kwa miaka sita foleni ya ujumbe wa ushirika wetu pale Msamala, Songea, niliipanga mimi. Tulikuwa na redio ya upepo. Mtu mwenye neno la kupeleka kijijini, iwe Namtumbo au Tunduru, aliliandika kwenye kikaratasi, mimi nakisoma, nakitundika kwenye msumari wake. Misumari ilikuwa mitatu ukutani: wa kwanza ugonjwa na misiba, wa pili mambo ya ushirika, wa tatu salamu na mengineyo. Betri za vijijini zilikuwa dhaifu, kwa hiyo laini ilifunguliwa saa mbili asubuhi, saa tatu imefungwa. Opareta alimaliza msumari wa kwanza ndipo akashika wa pili. Salamu zingeweza kulala wiki nzima. Hakuna aliyekufa kwa kukosa salamu.

Soko lilipoachiwa, wafanyabiashara wakaruhusiwa kununua mazao wenyewe, ushirika ukaanza kukauka. Tukaletewa meneja mpya. Kwa ninaowalaumu, huyo ndiye namba moja. Jina silitaji, lakini waliofanya kazi pale wanamjua.

Alibandua lebo zangu zote. Msumari wa kwanza ukawa wa karatasi za pinki, za wafanyabiashara wanaolipia. Wa pili ofisi. Ugonjwa na misiba ikasukumwa wa tatu, ikachanganywa na salamu. Akaongeza la kwake: karatasi ikimaliza siku tatu haijasomwa, itupwe.

"Na wagonjwa je, meneja?" nikamuuliza.

"Mgonjwa anapelekwa hospitali, hapelekwi redioni."

Watu wakacheka. Na mimi nilicheka. Hilo linaniuma mpaka leo.

Msimu wa mpunga ulipofika, mama akazidiwa nyumbani kwangu Mjimwema. Hospitali walikuwa wameshanyoosha mikono. Alitaka kitu kimoja tu, kumwona dada yangu, kitindamimba wake, aliyeolewa na fundi cherehani kule Namasakata, Tunduru. Kila nikirudi kazini ananiuliza, "Ameshaondoka huko?" Namjibu yuko njiani. Na karatasi yangu iko msumari wa tatu, haijaguswa.

Siku mbili mfululizo ile saa yetu moja ililiwa na tajiri mmoja wa mpunga. Namba mbili huyo. Alikaa kwenye benchi na rundo lake la pinki: magunia mangapi, lori lipi, turubai liko wapi. Nikamwendea.

"Shikamoo mzee. Naomba dakika moja tu ya laini. Mama yangu mahututi."

"Marahaba, bwana misumari. Mama ana miaka mingapi?"

"Sabini na kitu."

"Basi huyo kuvumilia anakujua. Mpunga wangu uko nje, na lile wingu si unaliona?"

Opareta aliinamisha kichwa. Baadaye akaninong'oneza, "Kaka, nikiruka foleni nafukuzwa." Simlaumu sana. Kidogo namlaumu.

Siku ya tatu ilipoisha, meneja mwenyewe aliichomoa karatasi yangu, akaitupa kapuni mbele yangu. "Andika nyingine," akasema.

Nikaandika nyingine, ila nilichukua ya pinki. Nilijua nikiweka habari ya ugonjwa, opareta ataihamishia msumari wa tatu. Kwa hiyo niliandika kama wanavyoandika wao: Kwa wakala wa mpunga, Namasakata. Mwambie mke wa fundi cherehani aje Songea na lori la kwanza. Neno mgonjwa sikuliweka. Asubuhi nikaichomeka katikati ya pinki za tajiri, nikaisikia ikisomwa kwa sauti ileile ya magunia. Nilikwenda nyumbani mbio kumwambia mama anakuja, na safari hii sikuwa namdanganya.

Kule opareta wa kijiji aliunukuu ujumbe kwenye karatasi, ikaenda zinakokwenda pinki zote, stoo kwa wakala. Huyo ndiye namba tatu. Alikuwa anapima mpunga, akaitia mfukoni. Lori lake liliondoka siku hiyohiyo kuja Songea, na mbele nafasi ilikuwepo. Kesho yake jioni ndipo alipopita kwa dada yangu.

"Shemeji, unaitwa Songea. Sijui kuna biashara gani."

Mumewe akasema kama ni biashara, mpunga wao uishe shambani kwanza.

Mama alikufa siku ya nne tangu ile pinki isomwe. Habari ya msiba niliiandika, ikakaa msumari wa tatu. Tukamzika bila dada.

Alikuja na lori la wiki iliyofuata, amevaa gauni lake zuri na viatu vya safari. Mikeka ya matanga tulishaikunja. Alipoona mke wangu amejifunga kaniki, akaelewa, akakaa chini palepale mlangoni.

Alipomaliza kulia akatoa ile karatasi aliyopewa na wakala, akainyoosha juu ya goti.

"Kaka, umeandika lori. Umeandika Songea. Ugonjwa uko wapi hapa?"

Nikaanza kumtajia: meneja, tajiri, wakala wa huko kwake. Nikamweleza misumari yote mitatu, na rangi za karatasi, na zile siku tatu. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Hao siwajui," akasema. "Aliyeniandikia ni wewe."

Akainuka, akamwomba mke wangu amwonyeshe kaburi. Nikachukua kofia niwafuate. Akanigeukia, akaniambia nibaki.