Feni Iliyomvua Mkwe Wangu Kofia

Jamani, siku ya kuposa nilimvua mkwe wangu kofia mbele ya ukoo wake mzima, na mkono wangu haukumgusa.

Kofia iliruka juu ya vichwa vya watu ikatua ndani ya sufuria ya sombe, ile mboga ya majani ya muhogo.

Naitwa Asani, shofere wa Kasongo. Kamyo ninayoendesha, lori la mizigo, ni ya baba mkubwa Iliasi, na imenizidi umri. Feni yake ya zamani, ile inayozungushwa na mkanda wa injini, ilipasuka. Kupata nyingine kama ile huku kwetu ni ndoto.

Nikapanda pikipiki mpaka Salamabila kutafuta ya umeme. Muuza vyuma akanitolea ndogo inayong'aa.

"Hii ilitoka kwa taksi, iko muzuri sana."

"Ndugu, taksi iko ya volti kumi na mbili. Kamyo yangu iko ya ishirini na nne. Hii itaungua hata sijatoka kwa parselle yetu kule nyumbani."

Nikachagua moja pana, inayofunika karibu rejeta yote, pale maji ya injini yanapopozwa. Nikaifunga nyuma ya rejeta kwa vyuma, si kwa kamba, nikaweka na fyuzi, na swichi kabini. Nilijiona injinia kabisa.

Ijumaa tukaondoka kwenda Wamaza kumposa Safia. Roho ilikuwa juu juu, maana baba yake, mzee Abedi, alishasema wazi: hatoi mtoto wake kwa shofere wa kulala njiani.

Na njiani ndiko tulikoshinda. Nikiongeza mwendo, maji yanachemka. Nikisimama, yanapoa. Gari gani hiyo, inachemka ikipigwa na upepo na kupoa ikisimama?

Baba mkubwa alikuwa anasoma dua. Shangazi Hawa, katikati yetu, alikuwa anaimba nyimbo za harusi, hana habari.

Tulifika jua limeshapinda. Mzee Abedi alikuja moja kwa moja mbele ya kamyo, akainama kuchungulia rejeta.

"Juu ya nini mumechelewa?"

Nilikuwa bado kwenye usukani, feni nimeizima tulipofika. Mshale wa joto ulikuwa umepanda, nikabonyeza swichi ya feni bila kufikiri.

Upepo wa moto ukamvaa mzee usoni. Kofia ikaondoka.

Watu wakaifuata kwa macho mpaka ndani ya sombe. Kwetu mposaji hafungui mdomo, anayesema ni mkubwa wake. Na mkubwa wangu alikuwa anaangalia sufuria tu.

Mimi nikacheka. Wallahi nilicheka, kwa furaha tupu, maana ndipo nilipoelewa. Feni iliyo nyuma ya rejeta inatakiwa ivute upepo kutoka mbele. Yangu ilikuwa inautupa mbele, kwa hiyo safari nzima ilipigana na upepo wa barabara.

Nikaruka chini, nikazima, nikageuza nyaya mbili, nikawasha tena. Nikasogeza leso mbele ya rejeta, ikanasa pale pale.

"Imepona, baba!" nikasema, adabu zote nimesahau.

Mzee Abedi akanikazia macho. "Nani aliiunga vile?"

Baba mkubwa akaanza kukohoa. Nikajibu mwenyewe, kwa uongo wa papo hapo.

"Ni mimi, na nilifanya kusudi. Joto la injini linaingia kabini, na shangazi iko na miguu ya kuvimba. Nikasema nilitupe nje, asiungue."

Mzee akamgeukia shangazi Hawa, akaangalia miguu yake. Kisha akacheka mpaka akakaa chini, kichwa wazi.

"Mutu anachemsha kamyo juu ya miguu ya shangazi yake," akasema. "Sasa juu ya mutoto wangu, huyu atachemsha nini?"

"Chai, baba," Safia akajibu kutoka nyuma ya pazia la mlango. "Kila asubuhi."

Mzee akapangusa machozi. "Haya, Iliasi, ingieni ndani tuseme."

Ndugu zangu, upendo ni mzuri, lakini kwanza uliza upepo unatoka wapi. Na ukiisha kukosea, usikate tamaa: mimi akili yangu ilinichelewesha, ujinga wangu ndio ulioniposea mke.