Tulivyopeleka Posa Lundo na Begi la Filamu za Kijapani

Mdogo wangu Deo anatengeneza simu hapa Songea. Hanywi, hagombani na mtu, na hakuna mwanamke aliyewahi kumvumilia zaidi ya msimu mmoja wa mahindi. Sababu naijua. Deo anakusanya filamu za zamani za Kijapani. Ningesema anazipenda, ila sijawahi kumwona akiangalia hata moja mpaka mwisho. Raha yake ni kuwa na filamu ileile kwa kanda, kwa DVD na kwa Blu-ray, kisha kuzishindanisha atafute ipi ina kasoro. Basi alipokutana na Oliva kwenye harusi ya rafiki yake, wakaelewana, na Oliva akasema sasa watu waje kwao Lundo, kando ya Ziwa Nyasa, mama alinigeukia mimi.

"Nenda naye," alisema. "Wewe ndiye utakayeongea. Yeye akae kimya."

Alfajiri tuliondoka Songea. Mimi nilibeba kitenge cha mama yake Oliva na blanketi la mjomba wake, kwa kuwa baba yake Oliva alishafariki na neno la mwisho lilikuwa la mjomba huyo. Deo alibeba begi lililomvuta bega.

"Nguo zote hizo za nini?"

"Si nguo, dada. Oliva anasema mjomba wake ana deki, naye anakusanya za Kijapani."

Ningeshuka palepale stendi. Sikushuka.

Kitai basi lilisimama na watu wakashuka kununua ndizi. Deo alibaki kitini akimweleza abiria wa pembeni, mnunuzi wa kahawa anayekwenda Maguu, kwamba wachapishaji wa siku hizi wanaisafisha picha kupita kiasi mpaka nyuso za watu zinakuwa laini kama mshumaa. Yule bwana alisikiliza kwa adabu. Basi lilipoondoka, alikuwa amehamia kiti cha nyuma.

Mbinga tulikosa gari la kushuka ziwani, tukalala kwenye nyumba ya wageni. Mama mwenye nyumba alituruhusu kutumia televisheni na deki ya sebuleni, maskini, akidhani tutaangalia taarifa ya habari. Deo akaweka filamu ya mjane mwenye mgahawa karibu na stesheni ya treni. Mvua ikanyesha. Akaitoa, akaweka diski nyingine. Mvua ikanyesha tena, mjane yuleyule, mwavuli uleule.

"Mwanangu, hii si tuliiona sasa hivi?" aliuliza yule mama.

"Ile ilikuwa ya kijivu cha kijani. Hii ni kijivu chenyewe."

Yule mama alinitazama kwa huruma, akaniuliza kwa sauti ya chini kama mdogo wangu alipata ajali. Nilimjibu hapana, amezaliwa hivyo.

Asubuhi tulishuka kuelekea ziwani. Barabara inazunguka na milima, halafu kwenye kona moja Nyasa lote linafunguka chini yako, bluu, na milima ya ng'ambo kama imechorwa kwa mkaa. Abiria wote walinyamaza. Deo naye alikuwa kimya. Alikuwa anasoma nyuma ya kava.

Lundo tulifika mchana, jua likichoma dagaa wa usipa walioanikwa. Mama yake Oliva alitupokea vizuri mno. Oliva mwenyewe, mwalimu wa shule ya msingi, msichana mwenye macho yanayosikiliza, alituletea maji ya kunawa, kisha ugali wa muhogo na samaki mbasa. Mjomba Osmundi, ofisa wa uvuvi mstaafu, aliitikia shikamoo zetu bila kuinua macho; alikuwa anafuta diski kwa pindo la shati.

Baada ya kula nilikaa vizuri, nikakohoa, nikaanza maneno niliyoyapanga tangu Songea. "Mjomba, sisi tumetumwa na wazazi wetu..."

"Hiyo ni ya mjane wa stesheni?" Deo alikuwa ameshasimama mbele ya kabati.

Mjomba akainua macho. "Kanda ya kwanza kabisa. Orijino."

"Lakini mzee, kanda zilikata picha pembeni. Kuna mwanaume anasimama kushoto mlangoni. Kwako huyo hayupo."

"Na kwako yupo, lakini hana uso! Wamemsugua mpaka ameisha."

Posa yangu ikafia hapo. Waliunganisha televisheni mbili, ya sebuleni na ya chumbani, wakazipanga bega kwa bega. Picha ikienda kidogo tu wanaisimamisha, wanainama hadi pua zinagusa kioo, wanabishana. Watu wazima, mmoja ana pensheni na mwingine anataka mke, wanagombea kivuli cha mwavuli. Nilitamani ziwa linimeze.

Oliva alivuta kigoda akakaa karibu na Deo. Nilimwona anajitahidi.

"Treni imefika," alisema. "Alikuwa anaisubiri siku zote. Mbona hapandi?"

"Angalia begani," Deo akamjibu. "Kwenye diski yangu unahesabu matone."

"Nimekuuliza kwa nini hapandi."

"Kwenye kanda tafsiri ya maneno yake hapo iliruka," akadakia mjomba.

"Ndiyo, mzee! Na kwenye DVD wameiweka, lakini wameichelewesha!"

Oliva alirudisha kigoda mahali pake.

Jioni umeme wa sola ulianza kulegea, wakatoka wote wawili na ngazi kwenda kufuta paneli. Huku ndani picha ikaendelea yenyewe, na sisi wanawake watatu tukaiangalia bila kusimamishwa na mtu. Treni ikaondoka. Mjane akarudi mgahawani, akawasha moto, akapika wali wa mtu mmoja, akala taratibu. Basi, ikaisha. Nilijikuta nimejishika shavu.

"Amechoka kuhamishwahamishwa," alisema mama yake Oliva. "Hapo angalau jiko ni lake."

Oliva alikuwa bado anatazama kioo cheusi.

Kesho yake asubuhi mjomba alituita uani, uso unang'aa. Alimshika Deo bega. "Nimetafuta mtu wa namna hii miaka yote. Posa nimeipokea. Huyu ni wa nyumbani."

Mama yake Oliva alimjibu kwa Kinyasa, harakaharaka, nisielewe. Ndipo Oliva akaongea kwa Kiswahili, makusudi, ili tuelewe sote.

"Mjomba, nakuheshimu, lakini sikubali. Dada, mdogo wako si mtu mbaya. Ila mimi nimelelewa nyumba hii. Nilimwona shangazi, mke wa mjomba, anafunga mizigo mchana kweupe, anapita sebuleni na sanduku kichwani, anarudi kwao. Mjomba alimwambia asimzibie televisheni."

Hakuna aliyecheka. Mjomba alitazama mchanga, na kwa mara ya kwanza tangu tufike nikamwona ni mzee.

"Mjomba ninaye mmoja," Oliva alimalizia. "Siwezi kuolewa na wa pili."

Nilimwachia mama yake kile kitenge hata hivyo. Alikuwa ametulisha na kutuvumilia. Alikikataa, nikamlazimisha.

Kurudi tulipanda milima. Nilimwonea Deo huruma mpaka karibu na Mbinga, nikijiuliza nimfariji vipi. Ndipo akageuka, macho yanametameta.

"Dada, mjomba anasema nirudi Krismasi. Kuna kanda nyingine hajanionyesha."

Huruma yote ikanitoka.

Songea mama alikuwa mlangoni, ameshika ufagio, anachungulia nyuma yetu kana kwamba mkwe amebaki njiani kidogo. Nilimweleza yote. Nilichojifunza nilimwambia pia: kuna watu wanaoweza kukaa mbele ya machozi ya mtu siku nzima na wakaona mwanga tu, na watu hao hawahitaji mke, wanahitaji wenzao.

"Kwa hiyo mmerudi na nini?" mama aliuliza.

"Na mjomba," nikamwambia, nikaingia ndani kuoga.