Taa ya Zambarau Dukani kwa Baba

Nilijiona fundi. Hilo ndilo kosa langu, na sijajisamehe hadi leo.

Vita vilikuwa vimekwisha karibuni. Baba aliuza vitambaa, na wateja wake wakubwa walikuwa wanawake wa mtaa wa Kuze wasiotoka majumbani. Walituma mtu na neno tu: rangi fulani, wari kadhaa. Baba alikata, akafunga, mjumbe akachukua. Hakuna aliyefungua furushi dukani. Basi alipoingiwa na mtoto wa jicho, akawa hatofautishi nyekundu na buluu iliyokolea, aliwaficha watu wote. Nami nilipogundua, alikataa katakata nimchagulie rangi mbele za watu.

Nilikuwa natengeneza redio Bondeni. Nikapata kipimo cha mwanga cha mpiga picha mmoja. Nikikielekeza kwenye kitambaa, sindano ilipanda kidogo tu, kiwe chekundu au cha buluu. Lakini nilipokimulika kitambaa kwa kando na taa ya zambarau, zile za daktari za kutibia ngozi, mambo yalibadilika: buluu haikuishtua sindano, nyekundu ikawaka kama kaa la moto, ikairusha juu. Nilicheka peke yangu kama mwehu. Sindano nikaipaka chokaa ili Baba aione, nikamwekea vyote dukani.

Aliipenda ile taa, ila aliionea haya. Mtu akiingia, aliizima.

Asubuhi moja mjane wa Kuze aliyekuwa edani alituma mtu achukue wari sita za buluu ya giza. Mjumbe alingoja barazani. Baba, aliyekuwa ameizima taa mjumbe alipoingia, akaiwasha tena, akapima papo hapo. Taa ile huchukua dakika kadhaa kupata nguvu. Nilijua, sikumwambia, kwa sababu sikufikiri kwamba angeizima. Sindano ikabaki chini, naye akaamini ni buluu.

Kabla ya adhuhuri kitambaa kilirudi, chekundu cha kung'ara, kikatupwa mezani.

"Mzee, mwamfanyia shere mtu aliyefiwa?" mjumbe akauliza.

Nilitamani Baba anitukane. Alikikunja kile kitambaa, akakirudisha mahali pake. Kuze hawakutuma mtu tena, na kila siku niliyomkuta amekaa peke yake nilitamani ardhi inimeze.

Siku moja aliingia mama mmoja kununua kitambaa. Baba alimsukumia majora yote achague.

"Jitagulie mwenyewe, mwanangu," akasema kwa sauti, hata jirani wakageuka. "Mato yangu hayaoni."